Zamu ya jioni na mtoto wa miezi minane: mama wa Nkuhungu ana haki gani kazini?

SWALI: Shikamoo. Mimi ni mpokea wageni katika hoteli moja hapa Dodoma mjini, ninakaa Nkuhungu. Nina watoto wawili. Mkubwa yuko darasa la awali, mdogo ana miezi minane na bado ananyonya. Niliporudi kutoka likizo ya uzazi nilikuwa zamu ya asubuhi kama zamani. Tangu aingie meneja mpya nimehamishiwa jioni, saa 8 mchana hadi saa 4 usiku, na kuna siku nikifunga usiku natakiwa niwepo saa 12 asubuhi kufungua. Ratiba inabandikwa Jumapili jioni kwa ajili ya Jumatatu. Mama mkwe alikuwa ananishikia mtoto, ila mvua zilipoanza alirudi Bahi kulima. Nikiomba muda wa kunyonyesha naambiwa hapa si kliniki. Ilitoka nafasi ya msimamizi wa mapokezi, na mimi nina miaka minne pale, nikaambiwa wanataka mtu asiye na mambo mengi nyumbani. Wenzangu wawili wasio na watoto wananinunia, wanasema nabebwa. Mume wangu ni dereva wa lori, anaweza kumaliza wiki mbili njiani. Je, nina haki yoyote, au niache kazi tu?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, na swali lako la mwisho nalijibu kwanza ili upate usingizi. Usiache kazi. Ukiandika barua ya kuacha leo kwa uchungu ulio nao, yote uliyonieleza yatageuka kuwa habari ya mtu aliyeondoka kwa hiari yake. Sheria inamtambua mfanyakazi aliyeacha kazi kwa sababu mwajiri ameifanya isivumilike, lakini kulithibitisha hilo ni kazi ngumu, na kazi hiyo itakuwa juu yako wewe. Ukiwa bado ndani una mshahara, una wenzako walioona, na una ratiba ukutani. Hiyo ratiba ndiyo nitakayoizungumzia zaidi ya kitu kingine chochote.

Maana katika yote uliyoandika, lile neno la kliniki ni baya na nitalirudia, lakini lililonigusa zaidi ni karatasi inayobandikwa Jumapili jioni kwa ajili ya Jumatatu. Nimefanya kazi ya utumishi kwa miaka mingi katika mji huu, na malalamiko mengi ya wazazi yaliyopita mezani kwangu hayakuwa ya mtu anayetaka kufanya kazi kidogo. Yalikuwa ya mtu asiyejua kesho ataingia saa ngapi. Mama akijua wiki mbili mapema kwamba Alhamisi anafunga usiku, atazungumza na jirani, atamwomba shangazi avuke kutoka Chang'ombe, atapanga na dada wa kazi. Akijua Jumapili saa 1 usiku, kinachobaki ni kugonga milango ya watu.

Na Dodoma yetu milango yenyewe si mingi. Tangu serikali ilipoanza kuhamia hapa mwaka 2016, mji umejaa familia changa zilizokuja bila bibi na bila shangazi. Nyumba inajengwa, kazi inapatikana, lakini wa kukushikia mtoto yuko Tukuyu au Muleba. Wenyeji nao, kama mama mkwe wako, wana saa yao ambayo haibadilishwi na meneja yeyote. Huku Dodoma mvua ni ya msimu mmoja, inaanza Desemba hivi na kukatika karibu na Aprili. Mtu wa Bahi asipopanda uwele na mtama wake kwa wakati, mwaka mzima umepotea. Usimlaumu mama mkwe, na usijilaumu wewe.

Sasa sheria. Inayokuhusu ni Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya mwaka 2004, na namba za vifungu nitakazotaja ni za sheria ilivyotungwa. Nianze na lisilopendeza: hakuna kifungu kinachompa mzazi haki ya kuchagua zamu. Ukiingia ofisini kwa meneja ukasema "sheria inasema nifanye asubuhi", atakuomba umwonyeshe, na hutapata cha kumwonyesha. Watu wengi wanaharibu kesi nzuri kwa kudai kitu ambacho hakimo. Ulicho nacho ni vishikio kadhaa, na kila kimoja kina nguvu yake.

Kishikio cha kwanza wewe mwenyewe umekitaja kama jambo la kupita, na nadhani hukujua umetaja nini. Unafunga saa 4 usiku, unafungua saa 12 asubuhi. Hesabu nami: hizo ni saa nane. Toa bajaji ya kurudi Nkuhungu, toa kumnyonyesha mtoto aliyekuwa akikungoja, toa kuamka saa 10 alfajiri kuandaa uji na sare za mkubwa. Umelala saa ngapi? Kifungu cha 24 kinataka mfanyakazi apumzike angalau saa 12 mfululizo kati ya kumaliza kazi na kuianza tena. Muda huo unaweza kushuka hadi saa 8 kwa makubaliano ya maandishi, na hata hapo kwa masharti maalumu, kwa mfano kazi yako iwe na mapumziko katikati yasiyopungua saa tatu, au uwe unaishi hapohapo kazini. Wewe unaishi Nkuhungu, na hukuniambia umesaini chochote. Ukifunga saa 4 usiku, huwezi kutakiwa kabla ya saa 4 asubuhi. Hili si la wazazi peke yao, linamlinda kila anayekaa pale mapokezi, pamoja na hao wawili wanaokununia. Likumbuke hilo, lina kazi yake baadaye.

Kuna na hili dogo. Sheria inahesabu usiku kuanzia saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi, na kila saa ya kazi ndani ya muda huo ina nyongeza ya asilimia 5 ya mshahara wa msingi wa saa hiyo. Kwa zamu yako ya jioni, saa mbili za mwisho ni kazi ya usiku. Tazama hati yako ya mshahara kama zimo. Ni fedha ndogo, lakini mwajiri asiyezilipa anajua kuwa hayuko sawa, na mtu wa namna hiyo huwa mwepesi kuzungumza.

Tuje kwenye kunyonyesha. Kifungu cha 33, kilekile kilichokupa siku 84 za likizo ya uzazi kwa malipo, kinasema mwajiri atamruhusu mama anayenyonyesha kumnyonyesha mtoto wakati wa saa za kazi, kwa muda usiozidi saa mbili kwa siku. Maneno yake ni ya amri. Meneja anaweza kuzungumza nawe muda huo ukae wapi katika zamu ili meza isibaki tupu, na hilo ni haki yake. Kukataa hawezi. Mtoto wa miezi minane kuendelea kunyonya si mapenzi ya mama tu: Shirika la Afya Duniani linashauri maziwa ya mama peke yake kwa miezi sita ya mwanzo, kisha yaendelee pamoja na vyakula vingine hadi miaka miwili au zaidi.

Hapa nikusimulie jambo ambalo silisahau. Miaka mingi nyuma nilikuwa afisa utumishi katika kampuni moja ambayo sitaitaja. Kulikuwa na mama kitengo cha kufungasha, mtoto wake mdogo kama wako. Alichelewa mara tatu kwa mwezi, kila mara kama dakika ishirini na tano, nami nikamwandikia onyo la maandishi. Nilifuata utaratibu wote, sahihi yangu iko pale. Wiki iliyofuata niliingia stoo kutafuta karatasi, nikamkuta amekaa juu ya boksi la sabuni, ameupa mlango mgongo, blauzi imelowa kifuani, anakamua maziwa kwenye kikombe cha plastiki cha bluu. Alipomaliza alikifunika, akakitumbukiza kwenye ndoo ndogo ya maji aliyoificha nyuma ya mashelfu, akaifunika ndoo kwa khanga. Hakulia wala hakulalamika. Alifuta mikono akaniambia, "Samahani mama, narudi mezani sasa hivi." Nilimuuliza kwa mara ya kwanza anaamka saa ngapi na mtoto anamwacha wapi. Jirani anayemshikia mtoto alikuwa anafungua mlango saa 12:30, na daladala ilikuwa inapita kabla ya hapo. Tulimsogezea saa ya kuingia kwa nusu saa, naye akawa anatoka nusu saa baadaye. Hakuchelewa tena muda wote niliokuwa pale. Onyo langu lilikuwa sahihi kwa karatasi na halikuwa la haki hata kidogo, na lingeepukwa kwa swali moja.

Nakwambia haya ili ujue kwamba meneja wako huenda hajui. Wengi wanafikiri mama akisema "kunyonyesha" anataka kupotea mchana kutwa. Mwoneshe lilivyo. Kutoka mjini hadi Nkuhungu na kurudi kutakula muda wote, kwa hiyo kwako naona njia tatu. Ya kwanza ni kuunganisha muda huo mwishoni mwa zamu, utoke saa 2 usiku badala ya saa 4. Ya pili, mtoto aletwe mara moja jioni, mpewe chumba cha nyuma chenye mlango unaofungwa. Ya tatu, ukamue maziwa kwa vipindi viwili vya nusu saa na kuyahifadhi kwenye friji. Hoteli haikosi friji. Katika ubaridi wa chumba cha kawaida maziwa ya mama hukaa kama saa nne tu, na kwa joto la hapa la Oktoba na Novemba mimi nisingeyaacha nje hata kidogo. Chooni isiwe sehemu ya mazungumzo kabisa. Ni chakula cha mtoto.

Nafasi ya usimamizi ndiyo nzito kuliko zote kisheria, na pengine wewe uliiona kama bahati mbaya. Kifungu cha 7 kinakataza mwajiri kumbagua mfanyakazi, moja kwa moja au kwa kuzunguka, na katika orodha ya misingi inayokatazwa, pamoja na kabila, dini, jinsia, ujauzito na hali ya ndoa, yamo majukumu ya kifamilia. Yametajwa kwa jina. Na kifungu hicho hakiishii kwenye kuajiri na kufukuza. Kinagusa upangaji wa kazi, mafunzo, upimaji wa utendaji, kupandishwa cheo. Mtu akikwambia umekosa nafasi kwa sababu ya "mambo mengi nyumbani", ametaja kwa kinywa chake msingi ambao sheria inaukataza.

Mwajiri anao utetezi. Anaruhusiwa kutofautisha watu kwa jambo ambalo ni hitaji la msingi la kazi yenyewe. Anaweza kusema msimamizi lazima awepo wiki za Bunge la bajeti, kati ya Aprili na Juni, hoteli zikiwa zimejaa na wageni wanaingia usiku. Sawa, hilo linajadilika. Lakini je, alikuuliza kama utaweza? Alikupa usaili? Aliangalia miaka yako minne? Au alitazama tumbo lililotoka juzi akahitimisha? Ukiweza kuonyesha dalili za kutosha kwamba ulibaguliwa, sheria inamgeuzia yeye mzigo: ndiye anayepaswa kuthibitisha kwamba ubaguzi haukutokea. Ndiyo maana nataka uandike leo, kabla kumbukumbu haijachuja, ni tarehe gani uliambiwa maneno hayo, nani aliyasema, mlikuwa wapi, nani mwingine alikuwepo. Andika maneno yenyewe yalivyotamkwa. Daftari la shilingi mia tano linatosha.

Na kuhamishwa zamu? Kifungu cha 15 kinamtaka mwajiri akupe kwa maandishi masharti ya ajira yako, na saa za kazi ni mojawapo. Jambo lililoandikwa humo likibadilika, anatakiwa kushauriana nawe, kurekebisha maandishi na kukujulisha. Chukua mkataba wako uusome. Ukisema "zamu ya asubuhi", una neno zito. Ukisema "kwa zamu kadiri itakavyopangwa", kama mikataba mingi ya hoteli inavyosema, kishikio hiki kinalegea na usikiegemee peke yake. Ila bado sheria inasema mama anarudi kutoka likizo ya uzazi kwa masharti yaleyale aliyoyaacha. Kama wewe peke yako ndiye uliyehamishiwa jioni moja kwa moja wakati wengine wanazunguka, jambo hilo nalo linaingia kwenye daftari.

Sasa wenzako wawili. Najua unategemea niseme wana wivu. Sitasema hivyo, kwa sababu nadhani wana hoja. Katika sehemu nyingi nilizopita, meneja akimhurumia mzazi, huruma hiyo huilipa kutoka mfukoni mwa mtu mwingine. Asiye na mtoto ndiye anayepewa kila Jumapili, kila sikukuu, kila usiku, kisha anaambiwa "wewe si huna mtoto". Kijana huyo ana mama mgonjwa Mpwapwa, au anasoma jioni, au anataka tu kupumzika kama binadamu mwingine. Akinuna, mwenye kosa ni aliyepanga ratiba, lakini anayenuniwa ni wewe kwa kuwa ndiye aliye karibu naye.

Kwa hiyo usiende kwa meneja na ombi linalowaumiza wao. Zungumza nao kwanza, mkiwa mmekaa, si mkipishana mlangoni. Waambie kuhusu zile saa 12 za mapumziko, maana na wao wanaumia na kufunga na kufungua. Waulize ni zamu ipi wanaichukia zaidi. Nimekaa na wafanyakazi wa hoteli vya kutosha kujua kwamba mara nyingi ni ile ya saa 12 asubuhi, wageni wanapotoka kwa pamoja kuwahi treni na mabasi, mmoja anadai risiti, mwingine anasema hakunywa soda iliyoandikwa. Wewe umeshaamka saa 10 kwa ajili ya watoto. Jitolee kuichukua hiyo siku nne kwa wiki, mtoto akiwa kwa jirani kuanzia saa 11:30, na jioni mbili uzifanye kama wao. Hapo hakuna atakayesema unabebwa, kwa sababu utakuwa umechukua mzigo wasioutaka. Kubadilishana zamu nako kuandikwe kwenye kitabu, wote wawili mweke sahihi, ili fadhila isisahaulike wala isizidishwe.

Ukishazungumza nao, andika barua. Mazungumzo ya mdomo na meneja ni mazuri lakini hayaachi alama. Iwe fupi, isiwe na machozi na isiwe na vitisho. Ningeiandika hivi:

"YAH: OMBI LA KUPANGIWA MUDA WA KUNYONYESHA NA RATIBA YA ZAMU

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mpokea wageni, na nina mtoto wa miezi minane anayenyonya. Naomba kupangiwa muda wa kunyonyesha usiozidi saa mbili kwa siku kwa mujibu wa kifungu cha 33 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini. Napendekeza muda huo uwe mwisho wa zamu ya jioni, na niko tayari kujadili mpangilio mwingine. Pia naomba ratiba ya zamu itolewe wiki mbili kabla, na kati ya kufunga na kufungua pawepo mapumziko ya saa 12 kwa mujibu wa kifungu cha 24. Niko tayari kuchukua zamu ya saa 12 asubuhi siku nne kwa wiki; wenzangu wa mapokezi tumeshauriana na wameridhia. Naomba nafasi ya kukutana nawe wiki hii."

Ambatisha nakala ya cheti cha kuzaliwa cha mtoto au kadi ya kliniki. Peleka nakala mbili, moja igongwe muhuri au isainiwe kuwa imepokelewa, hiyo uitunze nyumbani. Jambo la cheo usilichanganye humo. Lipe barua yake, kwa kuuliza tu: naomba kujulishwa vigezo vilivyotumika na sababu za kutochaguliwa kwangu. Jibu lolote litakalokuja, hata ukimya, litakusaidia.

Ukikutana na meneja, mpe heshima yake na umsikilize shida yake pia. Huenda amekuja amekuta watu wawili wameacha kazi na mwenye hoteli anamdai hesabu. Muulize jioni zipi hasa anapungukiwa. Mara nyingi tatizo lake ni siku mbili tatu za wiki, naye amelitatua kwa kukukandamiza siku zote sita. Ratiba ya wiki mbili inamfaa hata yeye, kwani vikao vya Bunge vinajulikana mapema na oda za wageni zinaonekana kwenye kompyuta.

Akikataa kabisa, kuna ngazi. Hoteli ni eneo la CHODAWU, chama cha wafanyakazi wa mahotelini na majumbani pamoja na wengine. Kama pale kuna tawi, mwone kiongozi wake, na kama halipo nenda ofisini kwao. Ofisa kazi wa mkoa naye ana mamlaka ya kukagua sehemu za kazi, na suala la mapumziko na nyongeza ya usiku ni lake hasa. Mgogoro wenyewe unapelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ile watu wanayoiita CMA, yenye ofisi hapa Dodoma. Unajaza fomu namba moja, nakala anapewa mwajiri, kisha mnaitwa kwenye usuluhishi, na mambo mengi hufikia mwisho hapo kwa makubaliano. Chunga siku: aliyeachishwa kazi ana siku 30 tu za kufungua shauri, na migogoro mingine ni siku 60 tangu jambo lilipotokea. Nafasi ile ya usimamizi ilijazwa lini? Hesabu kutoka hapo. Nimeona watu wenye haki iliyo wazi wakirudishwa mlangoni kwa sababu walikaa wakisubiri meneja atabadilika. Na kama hofu yako ni kufukuzwa kwa kudai, jua kwamba kumwachisha mtu kazi kwa sababu ametumia haki aliyopewa na sheria hakuhesabiwi kuwa sababu halali.

Mume wako nimemwacha hadi hapa makusudi, kwa sababu katika barua yako alipata sentensi moja tu. Naye ni mzazi kazini. Sheria ilimpa siku 3 za likizo kwa malipo ndani ya siku 7 za kuzaliwa mtoto. Sijui kama alizichukua. Na kifungu cha 34 kinampa kila mfanyakazi, baba au mama, siku 4 za malipo mtoto wake anapougua. Siku hizo ni chache mno, zinahesabiwa kwa mzunguko mzima wa likizo hata watoto wakiugua mara ngapi, na kwangu hapo sheria yetu bado ina deni. Inaweza kusogea: Januari 2025 Bunge lilipitisha marekebisho ya sheria za kazi yaliyomwongezea likizo mama anayejifungua mtoto njiti. Lakini hizo 4 zipo, na kila mara mtoto akipata homa anayekosa kazi ni mama, mameneja wote wa mji huu watazidi kuamini kwamba mtoto ni mzigo wa mama. Dereva ana safari ndefu, kweli, ila anarudi pia. Siku za mapumziko yake baada ya safari ziingie kwenye ratiba ya nyumbani kama zamu: siku hizo ndizo wewe unafanya jioni zako, yeye anapika, anaogesha, analaza. Aombe kwa tajiri wake kujua tarehe za safari mapema kama wewe unavyoomba zamu.

Kuhusu wa kumshika mtoto hadi mama mkwe arudi, angalia kama kata yenu ina kituo cha kulelea watoto wadogo mchana kilichosajiliwa. Afisa ustawi wa jamii wa kata au halmashauri anavifahamu, na muulize kama kinapokea wa miezi minane. Ukimchukua dada wa kazi, nakusihi jambo moja, na wengine wanaosoma wanisikie: na yeye ni mfanyakazi mwenye saa, mapumziko na mshahara chini ya sheria hiihii. Sheria hairuhusu kumwajiri mtoto wa chini ya miaka 14, na hata aliye juu ya hapo kama ni wa kuwa shuleni, mwache asome. Mwakani unaweza pia kuomba likizo yako ya mwaka, siku 28, iangukie wakati mama mkwe anapanda. Iombe mapema, kabla wenzako hawajaomba Desemba.

Ratiba ya wiki hii bado iko ukutani. Ukiingia zamu kesho ipige picha, tarehe na majina yote yaonekane, kabla haijabanduliwa Jumapili.